Kamba ya kiatu

Chikongola, Mtwara
Aprili 6, 2025

Swahiba,

Idi njema, ingawa imeshapita. Msalimie shemeji na watoto. Huku tu wazima, ila mvua haijatuacha, na mvua hiyo ndiyo iliyozaa barua hii.

Bati la chumbani lilivuja usiku mmoja kwenye kumi la mwisho la Ramadhani. Nikaamka kabla ya daku kuliburuta sanduku la zamani lisilowe. Chini kabisa, chini ya kanga za marehemu mama, nikaikuta bukta yangu nyekundu. Ile ile ya pambano letu. Mende wameila pajani, lakini mpira wa kiunoni bado unavutika.

Siku hiyo hiyo baada ya tarawehe, barazani kwenye kahawa, kijana mmoja akasoma kwenye simu kwamba George Foreman, yule bondia Mmarekani, amefariki, miaka 76. Nilishtuka kama nimefiwa na jirani.

Wazee wetu unawajua, safari yao moja tu: Kinshasa, Oktoba 30, 1974. Kule saa kumi alfajiri, huku kwetu saa kumi na mbili asubuhi, bara hakuna televisheni, masikio yote redioni. Foreman ana miaka 25, amepanda ulingoni mara 40 na kushinda zote. Hata bingwa Joe Frazier aliangushwa naye mara sita ndani ya raundi mbili. Uwanja mzima unamwimbia mpinzani wake, Muhammad Ali: "Ali, bomaye!", yaani muue. Ali akajilaza kwenye kamba, akamwacha apige mpaka mikono ikawa mizito kama magogo, na raundi ya nane akampeleka chini. Hapo mzee hushusha kikombe, kisa kimekwisha.

Mimi ndipo ninapoanzia. Unajua Foreman alisema nini baada ya kupigwa? Kwamba kamba za ulingo zililegezwa. Kwamba mwamuzi alihesabu haraka. Kwamba maji aliyopewa yalikuwa na ladha ya dawa. Yaani jamaa alipiga kamba kuhusu kamba! Ilimchukua miaka kukiri kwamba Ali alimshinda kwa akili, basi.

Mwaka 1977 akapoteza tena, kwa Jimmy Young, na kule chumba cha kubadilishia nguo akasema Mungu amemshika. Akaacha ngumi miaka kumi, akawa mhubiri Houston, akafungua kituo cha vijana. Fedha za kituo zilipokauka akarudi ulingoni, kipara, mnene, watu wakimcheka. (Wanawe watano wote aliwaita George. Sijui mama zao walikuwa wakiitaje mmoja.) Bingwa Evander Holyfield alimshinda kwa pointi 1991. Wengi tungelala hapo.

Novemba 5, 1994, Las Vegas, anakutana na Michael Moorer, bingwa wa miaka 26 asiyepoteza hata pambano moja. Foreman ana 45. Na amevaa bukta ile ile aliyopigwa nayo Kinshasa. Miaka ishirini ameitunza! Raundi tisa yuko nyuma kwa majaji wote. Ya kumi, ngumi fupi ya kulia kidevuni, Moorer chali. Mzee akapiga magoti konani kwake kuomba. Hakuna bingwa wa uzito wa juu aliyetwaa mkanda akiwa na umri mkubwa hivyo. Baadaye akatajirika kwa jiko la umeme la kuchomea nyama kuliko kwa ngumi zote, lakini hilo halinigusi. Pweza wetu wa feri anataka mkaa.

Kinachonigusa ni kingine. Mwaka 1997, kwenye sherehe za Oscar, Ali akiwa anatetemeka kwa maradhi, aliyemshika mkono kupanda jukwaani ni Foreman.

Sasa, swahiba, nije kwangu. Miaka thelathini na ushei nimewaambia watu kwamba kwenye pambano letu ulinipata raundi ya pili kwa sababu kamba ya kiatu changu cha kushoto ilifunguka. Nimemwambia mke wangu. Nimewaambia wanangu, na wao wamewaambia wenzao. Vijana wa Magomeni wakipiga kelele "Mlaze! Mlaze!", wewe ukinilaza, mimi chini natazama kiatu kutafuta sababu. Kamba ilikuwa imefungwa barabara, fundo mbili. Niliifungua mwenyewe nikiwa chini kabla mwamuzi hajafika sita.

Bukta nimempelekea fundi aitie kiraka. Usicheke, sipandi popote, tumbo limeshatangulia mbele ya ngumi. Nataka tu iwepo ukija Desemba.

Nawe nijibu kweli, maana hujawahi kuniambia: ile ya kulia niliyokupa raundi ya kwanza, ukarudi nyuma hatua mbili ukitabasamu, iliuma?

Ni mimi nduguyo,
wa Chikongola