Dada wa Tanga asiweke betri ya volti 9 ya dukani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wa safu yenu ya ufundi kabla dada yule wa Tanga hajafuata ushauri aliopewa. Dada aliuliza kwa nini kichwa cha treni ya kuchezea, kilicholetwa na shemeji yake kutoka Marekani, kinatembea vizuri lakini honi na mngurumo vinakatika kila kikipita kwenye kona. Akajibiwa kwamba ndani mna betri ya mstatili iliyokufa, aichomoe na kuweka ya alkalaini ya volti 9, na asipoipata aache nafasi ikiwa tupu. Kwamba betri imekufa, nakubali. Yaliyofuata ndiyo yaliyonitoa kitandani.

Mimi ni mtu wa Tabora, naishi York, jimbo la Pennsylvania, na mkate wangu unatokana na kufungua vichwa kama hicho. Mji huu hupokea wakusanyaji wa treni za kuchezea kila Aprili na Oktoba, na wengi huja na kichwa mkononi wakisema bodi, yaani sahani ya saketi iliyo ndani, imekufa. Mimi huanza na betri. Bodi nzima ngapi zimetupwa kwa sababu ya betri, sitaki hata kufikiria.

Dada aliandika kwamba chini ya kichwa chake kuna herufi M.T.H. Mwandishi wenu angeanzia hapo. Hiyo ni kampuni iliyoanzishwa na Mike Wolf mwaka 1980 huko Maryland, na vichwa vyake vya zamani vyenye mfumo wa sauti uitwao Proto-Sound vina betri ya kuchaji. Mota haitegemei betri hiyo. Inakula umeme wa reli. Kazi ya betri ni kuishikilia sauti pale magurudumu yanapokosa umeme kwa nukta moja, kwenye kona au kwenye reli chafu, na kuipa bodi muda wa kuandika kumbukumbu zake unapozima. Ukiwasha, bodi inaichaji betri kwa umeme uleule wa reli.

Sasa weka alkalaini hapo. Alkalaini haikuumbwa kuchajiwa. Ikisukumiwa umeme inapata joto, inajaa gesi ndani, na mwishowe inatema ule ute wake unaokula shaba. Nimefungua vichwa ambavyo nyaya za betri zimegeuka kijani na unga mweupe umefika hadi kwenye bodi. Ikishatokea hivyo, tone la siki au ndimu kwenye pamba linaua ukali wa ule unga, kisha unafuta kwa spiriti na kuacha pakauke kabisa. Lakini njia za shaba zilizokwisha kuliwa hazirudi.

Kinachowachanganya watu ni kwamba betri ya kuchaji ya M.T.H. na ile ya volti 9 ya dukani zina umbo moja na vifungo vilevile viwili kichwani. Tofauti iko tumboni. Ya kuchaji ina seli saba za volti 1.2, jumla 8.4. Alkalaini ina seli sita za volti 1.5. Na kuna mtego mwingine: vichwa vya Lionel, kampuni nyingine kongwe kuliko M.T.H., vyenye sauti ya RailSounds, vinataka hiyohiyo alkalaini ya volti 9, kwa sababu bodi yao haichaji kitu. Nadhani mwandishi wenu alisoma habari za Lionel akamjibu mtu wa M.T.H. Mwenye Lionel naye asisahau kuitoa betri anapoweka treni kabatini, maana huvujia humo humo.

Kuhusu kuacha nafasi tupu: inategemea kizazi cha kichwa. Cha Proto-Sound ya pili, iliyotoka mwaka 2000, kitatembea, ila hakitakumbuka ulichokipangia na sauti itaendelea kukatika. Cha kwanza, cha miaka ya tisini, ni hatari. Betri ikiwa dhaifu wakati wa kuzima, kumbukumbu ya chipu inaweza kuvurugika, na kesho yake kichwa kinakataa kutoka kilipo. Hicho usikiwashe hata kwa kujaribu mpaka kipate betri mpya.

Kwa cha kizazi cha pili, kipimo hakihitaji mita. Kiweke relini, kiache na umeme robo saa kikiwa kimesimama, halafu zima. Sauti inatakiwa iendelee sekunde chache kabla ya kunyamaza. Ikikatika papo hapo, betri imekwisha. Vichwa vingine vya kizazi hicho vina betri ndogo ya seli mbili, volti 2.4, kwa hiyo asome maandishi ya betri ya zamani kabla ya kununua.

Betri ya volti 8.4 si ngumu kuipata huko nyumbani Tanzania. Aulize wapiga vyombo na mafundi sauti wa makanisani, wanazitumia kwenye maikrofoni zisizo na waya. Iwe imeandikwa NiMH, aina ya nikeli inayochajiwa. Zile mpya za lithiamu zenye tundu la USB asiziguse kwa kazi hii. Zina mtambo wao ndani na bodi ya treni haiwezi kuzichaji. Huku wapo wanaofunga kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi, badala ya betri, inajaa haraka na haivuji, nami naipenda, lakini kuisafirisha mpaka Tanga kwa ajili ya kichwa kimoja ni gharama ya bure.

Jambo la mwisho, ambalo safu haikuligusa kabisa: transfoma iliyokuja na treni hiyo ni ya volti 120. Ikichomekwa kwenye umeme wetu wa 230 itaungua siku hiyohiyo. Anunue ya kushushia umeme, tena kubwa kuliko inavyohitajika, kwa sababu masafa ya umeme yatabaki hezi 50 badala ya 60 za Marekani na transfoma ya treni itachemka zaidi. Asiiache imewashwa usiku.

Dada akiweza kupiga picha ya bodi, tafadhali mniletee. Nikiiona nitamwambia ni kizazi gani na betri ipi.

Fundi wa treni za kuchezea,
York, Pennsylvania