Yah: Kuharibiwa kwa picha za CT za mama yangu ndani ya programu yenu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Masharti yenu mnayajua, pamoja na kile kipengele kinachoahidi kwamba picha zitahifadhiwa kama zilivyotoka mashineni. Sitayarudia.

Tarehe 11 Machi daktari wa kifua alifungua programu yenu ili aone CT ya mama, yaani kipimo cha mionzi kinachopiga picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande. Kipimo kina vipande 312, kila kimoja ni picha yake. Alikuta picha 24 za JPEG, zile za kawaida zilizobanwa. Akajaribu kutoka kwenye mpangilio wa mwanga wa kuonyesha mapafu aende wa kuonyesha tishu laini, picha ikawa weupe mtupu. Akajaribu kupima kivimbe, akapewa pikseli badala ya milimita. Nikawapigia palepale. Mhudumu wenu akajibu: "Picha si zinaonekana? Kama daktari hazitaki, mgonjwa akapige tena." Akakata simu.

Msiniambie nilikosea kupakia. Kipande kimoja cha CT ni pikseli 512 kwa 512, karibu nusu megabaiti, kwa hiyo vipande 312 ni kama MB 160, na ndicho kiasi kilichokatwa kwenye bando langu mwezi Januari nilipozipandisha kutoka kwenye sidii. Nilipozishusha tena baada ya siku ile ya Machi zilikuja MB 3. Faili mlizipokea nzima, zikaharibikia kwenye seva yenu.

Na hasara si ya ukungu wa picha tu. JPEG ya kawaida hubeba ngazi 256 za kijivu, CT hubeba zaidi ya 4,000, ndiyo maana mapafu yakionekana vizuri tishu laini hupotea. Faili ya DICOM, yaani ile halisi inayotoka kwenye mashine ya hospitali, pia hubeba umbali kati ya pikseli, unene wa kipande na tarehe ya kipimo. Mkivifuta hivyo, hakuna rula. Kivimbe cha milimita 5 na cha milimita 8 havifuatiliwi kwa namna moja! Tarehe nayo mmeweka ya kupakia: kipimo cha Oktoba kinasomeka cha Januari, miezi mitatu imeyeyuka, na daktari anayekadiria kasi ya kukua kwa kivimbe anapotoshwa.

Sidii yenyewe sasa imekwaruzika, kompyuta haiisomi. Tulilipia programu yenu kwa kuhofia jambo hilohilo.

Narudi kwenye ile simu, maana sijaimeza. Spika ilikuwa wazi. Mama alikuwa ameketi pembeni, mkoba mapajani, akasikia kila neno: "mgonjwa akapige tena". Daktari akaweka kalamu chini. Mionzi ya CT moja ya kifua ni makumi ya mara ya ile ya eksirei ya kifua, na mhudumu wenu aliitamka kama anayemwambia mtu akapige upya picha ya pasipoti. Hakuuliza hata namba ya akaunti.

Kwa heshima, naomba faili zote 312 za DICOM zirejeshwe kutoka kwenye nakala yenu ya akiba, zikiwa kwenye faili moja la zip, ndani ya siku 14. Pia ada ya mwaka irudishwe. Pia mama aombwe radhi kwa maandishi, na mhudumu yule atajwe kwenye barua hiyo.

Siku 14 ni nyingi mno, miadi ya mama ni tarehe 2 Aprili. Nawapa siku 7. Kama nakala ya akiba hamna, semeni hivyo kwa maandishi, na gharama ya kipimo kipya mtailipa ninyi. Siku ya 8 malalamiko haya yatakuwa mezani kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa Sheria ya mwaka 2022, pamoja na picha za skrini, rekodi ya bando na maelezo ya daktari.

Mteja wenu,
Msimamizi wa akaunti ya familia