Meno ya chini yanacheza, ya juu yametulia: kwa nini?

Wazee huingia klinikini kwetu na meno bandia yamefungwa kwenye leso, na malalamiko ni yale yale: "Ya juu hayana neno. Haya ya chini yanacheza, tena yananiumiza." Wengi huamini fundi aliwapunja. Mara nyingi meno ni yale yale. Kilichobadilika ni taya.

Mfupa wa kushika meno, meno yakishang'olewa, huanza kuliwa: kwa kasi mwaka wa kwanza, kisha polepole maisha yote. Utafiti wa Tallgren wa mwaka 1972, uliofuatilia watu miaka 25, ulionyesha kimo cha ukingo wa taya la chini kikipungua takribani mara 4 kuliko cha juu. Na huku chini hakuna paa la kinywa la kunatia. Pana ukingo mwembamba tu, ulimi unasukuma huku, shavu linasukuma kule.

Bibi mmoja alikuwa akiumia mahali pamoja kila akitafuna muhogo. Tulipopitisha kidole kwenye ufizi wake, ukingo ulikuwa umebaki kama uzi, nyama yake nyembamba mno, na tulipofika nyuma kidogo ya lilipokuwa chonge, alishtuka. Hapo ndipo mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini na kidevu hutokea kwenye mfupa. Mwenye meno yake, tundu la mshipa huo liko chini, mbali na ukingo. Mfupa ukiisha, tundu hujikuta juu, na meno bandia yanaukanyaga mshipa. Wengine hufikia kufa ganzi mdomo.

Bibi hakuhitaji meno mapya. Tulichimba nafasi ndani ya meno bandia yake, pale yanapokaa juu ya mshipa, tukayatia bitana mpya (tabaka la ndani linalogusa ufizi), uzito ukahamia nyuma upande wa shavu, ambako mfupa ni mgumu na hauishi upesi. Kwa anayemudu gharama, vipandikizi 2 vya mbele, yaani vijiti vinavyopandwa kwenye mfupa wa taya, hushika vizuri zaidi. Hilo tunalisema wazi.

Tafadhali, meno bandia msiyasugue kwa msasa wala kuyatia gundi ya dukani. Usiku yavueni, yalale kwenye maji ya kawaida, si ya moto. Kidonda kikipita wiki 2 bila kupona, njooni hima.

Na mkija kwa ajili ya bitana, yavueni tangu jana yake, ufizi urudie umbo lake kabla hatujachukua vipimo.