Barua kwa mwanangu: kabla hujapanda, waambie

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Huku Chikongola hatujambo. Mvua imeanza kwa kusuasua na joto liko palepale. Haya ningekuambia kwa simu, lakini kwenye simu wewe ni hodari wa "baba, mtandao unasumbua". Basi yasome.

Mdogo wako kanionyesha picha uliyoweka status: viatu vipya, shoka la barafu, na ile miiba ya chuma ya kufunga chini ya viatu. Umeandika Lochnagar, huko huko Uskoti, Jumamosi. Nikamwambia anitafutie huo mlima. Mita 1,155. Urefu haukunitisha. Kilichonitisha ni hicho kijiji cha jirani yake, Braemar, ambako vipimo viliwahi kusoma nyuzi 27 chini ya sifuri, mwaka 1895 na tena 1982. Na wewe ndiye uliyekuwa ukilalamika baridi ya Newala mwezi wa saba.

Sikukatazi. Mama yako alitaka nikukataze, nimekataa. Tena ile picha nimemwonyesha fundi cherehani na wazee wote wa barazani, hadi mmoja akauliza kama shoka lile linapasua kuni. Swali langu ni moja tu: hao unaokwenda nao wanajua kuwa una sukari?

Usinijibu haraka. Najua utasema hutaki wakuone mzigo. Sasa sikiliza. Mtu aliyezidiwa na baridi hutetemeka, hujikwaa, ulimi humwia mzito, na hugomba bila sababu. Mtu aliyeshukwa na sukari ni hayo hayo. Mwenzako asiyejua atakuongezea koti na kukuambia, twende tukaze mwendo upate joto. Mwendo unakula sukari, na kutetemeka kwenyewe kunakula sukari. Atakuwa anakuua kwa huruma. Na wewe wakati huo huwezi kujieleza, kwa sababu sukari ikishuka sana kinachotangulia kupotea ni akili ya kujua kwamba imeshuka. Mama yako aliwahi kukupa soda ukamwagia ukutani. Alijua afanye nini baada ya pale. Hao wa chuoni watajuaje?

Kuficha hukukuokota njiani, hilo nalijua. Lile la bweni, sukari kuitwa "malaria", silirudii. Lilikuwa la wakati ule.

Halafu insulini. Huku tumehangaika miaka yote na joto, na wewe ni mtaalamu wa joto. Barafu huijui. Insulini ikiganda imekufa, na ikiyeyuka haifufuki, hata kama kwa macho inaonekana safi. Kwa hiyo usiiweke kwenye begi la mgongoni wala mfuko wa nje wa koti. Iweke ndani, kati ya fulana na sweta, mwili uipashe. Kipimo nacho kikae humohumo, maana kwenye baridi kali hugoma, na vijiti vyake havitoi namba ya kuaminika. Simu vilevile, betri hufa ghafla, na simu ikizima basi kile kidude cha mkononi cha kupima sukari hakina pa kukusomea. Hata simu ikiwa hai, kidude huchelewa kidogo nyuma ya damu sukari inaposhuka kwa kasi. Ukijisikia vibaya na namba inasema uko salama, choma kidole. Pasha mikono kwanza makwapani, kidole kilichokufa ganzi hakitoi damu.

Sukari ikisoma chini ya 4 (mmol/L), hakuna "tufike pale kwenye jiwe kwanza". Mnasimama hapo hapo, unakula glukosi gramu 15 hadi 20, mnasubiri robo saa mmejikinga upepo, unapima tena, ndipo unakula biskuti au mkate. Usitegemee chokoleti, mafuta yake huchelewesha sukari, na kwa baridi hiyo itakuwa tofali. Hizo pipi za glukosi zitoe kwenye makaratasi nyumbani. Jaribu leo hii kuvaa glavu zako nene ukafungue pipi moja, utanielewa. Nyingine mpe mwenzako azibebe. Na utampaje bila kumwambia ni za nini? Umeona tunarudi wapi.

Ile sindano ya glukagoni pia, ya kupandisha sukari mtu akizimia. Huwezi kujichoma mwenyewe ukiwa umezimia, mwanangu. Lazima awepo mtu anayejua iko mfuko gani na inachomwa vipi. Mwonyeshe Ijumaa, mezani, kwenye mwanga. Nao wasikutie soda mdomoni ukiwa hujitambui, utapaliwa. Wapige 999, namba ya dharura ya huko, waombe polisi, kisha waokoaji wa milimani. Nimesoma kwamba hata ujumbe mfupi unafika 999 mtandao ukiwa hafifu, ila namba yako iwe imeshasajiliwa. Isajili leo.

Ya kupunguza insulini siku ya safari muulize nesi wa kliniki yako. Usiniulize mimi, wala yule jamaa wa YouTube. Ila kumbuka mlima haukuachi ukishashuka. Misuli huendelea kuvuta sukari usiku kucha, hata kesho yake. Kula kabla ya kulala, weka kengele ya saa nane usiku, upime. Na wakikuvuta baa kusherehekea, sisemi kwa dini peke yake: pombe hulizuia ini kutoa sukari, na usiku huo ndio unaolihitaji.

Jua huko Desemba linazama saa tisa na nusu alasiri. Saa tisa na nusu! Huku ndiyo kwanza watu wanaamka usingizi wa mchana. Anzeni kushuka mapema.

Unajua nani alisoma hapo chuoni kwenu Aberdeen? Macleod, yule aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1923 pamoja na mwenzake Banting kwa kugundua insulini. Alirudi kufundisha hapo hapo mwaka 1928. Umepanda ndege kutoka Mtwara kwenda kusomea gesi katika mji wa mtu huyo, na katika mji huo huo unajificha chooni ukitaka kujichoma. Mdogo wako ndiye kaniambia, usimgombeze.

Ya nyumbani. Mtoto wa jirani, yule wa kiume mdogo, naye kakutwa na sukari mwezi uliopita. Mama yako kawapa chungu chako cha kupozea insulini, kile kidogo ndani ya kikubwa, mchanga katikati. Nimekwenda kuwaonyesha: mchanga unamwagiwa maji asubuhi na jioni, insulini inafungwa kwenye mfuko wa nailoni isiingie maji, juu kitambaa kibichi, na chungu kikae kivulini penye upepo. Mama wa mtoto alikuwa akilia. Nikamtajia wewe, kwamba uko Uskoti unasoma. Sikumtajia mlima.

Korosho mwaka huu hazikuwa mbaya, ila malipo ya mnada wa pili hayajaingia, na pale chama cha msingi kila siku ni "njoo kesho". Yakiingia nitakutumia ya soksi za sufu. Viatu hivyo vivae ndani ya nyumba hadi Ijumaa, visikutoe malengelenge huko juu, na ukirudi kagua nyayo, hata katikati ya vidole. Paa la jikoni linavuja tena upande wa mwembe. Fundi anataka bati nne, mimi naona mbili zinatosha.

Bibi yako tumemwambia unakwenda semina. Ukipiga Jumapili akapokea yeye, muulize kuku wake. Kisha uniombe mimi simu, unitajie jina la uliyemwambia, na ile sindano ilikuwa mfuko gani.

Baba yako