Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu wa Haut-Katanga: staji ya watoto wetu isitegemee mjomba

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kutoka Katuba. Mimi ni mwalimu wa umeme katika shule moja ya ufundi hapa Lubumbashi. Nakuandikia juu ya staji, yaani zile wiki chache ambazo mwanafunzi anajifunza kazi ndani ya kampuni au karakana. Katika karatasi za shule inachukua mstari mmoja tu, lakini naona ndiyo inayoamua kama kijana atatoka kwetu na fani mikononi au na diploma peke yake.

Wiki chache zinaweza kumsaidia nini mtoto? Nikueleze habari za mmoja. Mwanafunzi wangu, binti wa miaka 16, alipokelewa katika karakana ya bobinaji kule Kamalondo, kwa mafundi wanaofunga upya mota zilizoungua. Ikaletwa mota ya mashine ya kusagia mahindi, nyeusi, inanuka vanishi. Fundi hakumpa fagio, alimpa kalamu. Akamwambia: kabla ya kukata waya wowote, hesabu mizunguko ya kila koili, pima unene wa waya, chora jinsi koili zilivyounganishwa. Ukikata kabla ya kuchora, umeiua. Akachora, akafuta, akachora tena. Kisha akakata karatasi za kuhami umeme, akazipanga katika mifereji ya chuma, akasokota koili mpya na kuzifunga kwa uzi. Vanishi ilipokauka, akapima kwanza kama umeme hauvuji kwenda kwenye gamba la mota, ndipo wakaiwasha.

Mama mwenye mashine alipokuja kuichukua, aliuliza kwa nini iliungua. Fundi akamgeukia mtoto, naye akajibu: mama, fazi moja, kati ya nyaya tatu zinazoleta umeme, ilikatika, mota ikaendelea kuzunguka kwa zile mbili zilizobaki, ikapata moto mpaka koili zikaungua. Weka kifaa kinachozima mashine fazi moja ikipotea.

Mheshimiwa, fazi tatu nilikuwa nimezifundisha ubaoni kwa muda mrefu. Binti huyu alizinakili vizuri na mtihani alifaulu. Lakini pale karakanani ndipo alipoona kwamba kuna mtu anategemea jibu lake ili mtaa upate unga wa bukari, ugali wetu. Aliporudi darasani alikuja na maswali, na hesabu aliyokuwa akiikimbia akaanza kuitafuta mwenyewe, maana alikuwa ameona unene wa waya haukisiwi. Wapo waliomwambia umeme ni kazi ya wavulana. Sasa hawasikilizi.

Staji kama hiyo anaipata nani? Mtoto anakabidhiwa karatasi ya kuombea nafasi, anaambiwa aende akatafute. Mwenye mjomba ndani ya kampuni anaingia. Asiye naye anazunguka geti hadi geti huko Kampemba, mlinzi anamwambia acha barua hapa, na jibu haliji. Wengine wanaombwa pesa. Kampuni moja, ambayo sitaitaja, iliwapokea wanafunzi wangu wawili, ikawaweka kuosha magari na kununua mikate mpaka siku ya mwisho, halafu ikawapigia mhuri kwamba wamefanya kazi za umeme. Mhuri ule ni uongo. Shule zinaupokea kwa sababu dosye, yaani faili la mwanafunzi, lazima ikamilike, na mtoto anajifunza mapema kwamba kazi ni karatasi. Jambo hilo linaniumiza kuliko hata yale mageti yaliyofungwa.

Na haya yanatokea katika mji wa shaba. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910, shaba ya kwanza ikayeyushwa hapa mwaka 1911, na wazee wetu wengi walipata fani zao kiwandani na kwenye reli, wakiwa kando ya mtu anayejua kazi. Leo malori ya shaba yanapita kuelekea mpakani Kasumbalesa kila siku, na binti niliyemtaja, mzaliwa wa hapa, alishika waya mpya wa shaba kwa mara ya kwanza pale kwa yule fundi.

Najua kuna hofu ya kutumikisha watoto. Nami ninayo, katika jimbo ambalo bado watoto wanaonekana wakiosha madini, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mtoto dhidi ya kunyonywa kiuchumi. Kwa hiyo staji iwe na masharti yaliyoandikwa: muda mfupi unaojulikana, mtu mmoja mwenye jina anayemwangalia mtoto, mwalimu anayemtembelea, glovu na viatu vya kazi, na asiguse kabisa waya wenye umeme. Tena isisubiri mwaka wa mwisho, wakati kila kichwa kimejaa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari.

Tunaomba Wizara yako ikae na INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi. Taasisi hiyo ipo tangu 1964, ina tawi hapa mjini, na waajiri wanaichangia. Kupitia kwake mnaweza kujua kampuni ipi ina karakana na iwekewe wanafunzi wangapi, bila mtoto kwenda kubembeleza getini. Vilevile, kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni zinazochimba zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazoathiriwa na migodi. Nauli na glovu za wanafunzi wa jamii hizo ni fedha kidogo sana ndani ya hesabu hiyo. Tunaiomba Wizara yako ilisemee jambo hili pale miradi hiyo inapopangwa.

Mimi na walimu wenzangu tumeanza kuandika orodha ya karakana ndogo za komini za Kamalondo, Kenya na Katuba hapa mjini zilizo tayari kupokea mwanafunzi mmoja mmoja. Mafundi hao hawadai malipo. Wanachoomba ni barua yenye mhuri wa Wizara, ili afisa yeyote akimkuta mtoto pale wasisumbuliwe. Tafadhali utupokee ofisini kwako kabla ya semesta ya pili, tukukabidhi orodha hiyo na mfano wa barua tuliyoiandaa. Ukiikubali, wanafunzi wa kwanza wanaweza kwenda mwaka huu huu wa shule.

Kwa heshima,
Mwalimu wa umeme, Katuba, Lubumbashi