Kalenda Mpya, Msumari Uleule

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia salamu hizi za Krismasi na Mwaka Mpya nikiwa na kalenda ya mwaka unaoisha mapajani. Nimeitungua ukutani asubuhi nipate kutundika mpya, nikajikuta nimekaa nayo, naifunua karatasi moja moja. Tarehe nilizozungushia kalamu nyekundu ni nyingi: ada za watoto, harusi ya mdogo wangu, miadi ya Baba ya kliniki. Mwezi wa Agosti kuna duara kwenye tarehe 19. Siku hiyo Baba alitakiwa kurudi kwa daktari. Alitutoka tarehe 11. Duara limebaki palepale, na mimi wakati nalichora sikuwa na habari.

Majira haya simu yangu hujaa salamu, na andiko ninalotumiwa kuliko yote ni Yeremia 29:11. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Hata mimi nimelituma miaka mingi, tena kwa haraka. Mwaka huu nimelisoma pamoja na yaliyo juu yake, na sijaweza kulituma vile tena.

Maneno yale ni sehemu ya barua. Yeremia aliiandika akiwa Yerusalemu, akawapelekea watu waliochukuliwa mateka na Nebukadreza mpaka Babeli, uhamisho ule wa mwaka 597 K.K. ambamo hata mfalme Yekonia wa Yuda naye alichukuliwa mateka. Sura iliyotangulia inamweleza nabii Hanania, aliyesimama katika nyumba ya Bwana na kutangaza mbele ya watu wote kwamba mateka watarudi ndani ya miaka miwili. Neno la kwanza la Yeremia kumjibu lilikuwa "Amina". Hapo hunigusa kila ninapofika. Kumbe naye alitamani iwe miaka miwili! Lakini barua aliyopewa kuandika ilisema miaka 70.

Hebu hesabuni. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 30 siku barua ile inasomwa alielewa papo hapo kwamba yeye harudi tena nyumbani. Na huyo ndiye anayeambiwa kuna tumaini. Kabla ya ahadi, Mungu alimpa kazi: ajenge nyumba akae ndani yake, apande bustani ale matunda yake, aoe, aozeshe watoto, auombee amani mji uleule alikopelekwa mateka. Hakuambiwa akae mizigo ikiwa imefungwa, akihesabu siku. Tena litazameni neno lenyewe: nayajua. Anayejua ni Yeye. Hakuahidi kwamba na sisi tutajua, na zamani jambo hilo lilikuwa likinikosesha usingizi.

Baba alilielewa hili mapema kuliko mimi. Mwezi wa Julai, mwili umeisha, hawezi kutoka chumbani bila kushikwa mkono, aliniita akaniagiza nipeleke viatu vyake vyeusi kwa fundi vikatiwe soli mpya. Nilivishika. Kisigino cha kulia kilikuwa kimelika upande mmoja, kwa namna alivyozoea kutembea. Moyoni nikasema, vya nini tena? Nikavipeleka ili nisimvunje moyo. Viliporudi akavigeuza juu chini, akapitisha kidole gumba kwenye mshono, akauliza kama fundi amelipwa zote. Halafu akaniambia niviweke chini ya kitanda, vikielekea mlangoni.

Alivivaa Jumapili mbili kwenda kanisani. Jumapili ya pili, kwaya ilipoanza wimbo wa mwisho, niliinamisha macho nikakiona kile kiatu cha kulia kinagonga sakafu polepole, kikifuata mapigo.

Siku zile nilidhani mzee anajidanganya. La. Wiki ileile ya viatu alikuwa ameshanitajia wimbo anaotaka uimbwe kaburini na nani atakayekaa na Mama. Alijua anakokwenda, na zilizobaki aliziishi na viatu vizima miguuni. Mimi niliyekuwa na afya ndiye niliyekuwa nimekaa mizigo imefungwa, nasubiri majibu ya vipimo yaje yaniruhusu kufurahi.

Na Krismasi yenyewe ndivyo ilivyoanza. Mariamu aliimba "Moyo wangu wamwadhimisha Bwana" akiwa nyumbani kwa Elisabeti, mimba bado changa. Malaika Gabrieli alikuwa amemwambia mtoto ni nani. Hakumwambia habari za safari ya Bethlehemu, wala hori, wala usiku wa kukimbilia Misri. Upanga utakaoingia moyoni mwake alikuja kuusikia baadaye kwa Simeoni, hekaluni, mtoto ameshazaliwa. Wimbo ulitangulia hayo yote.

Kwa hiyo sitawaandikia kwamba mwaka ujao utakuwa mwepesi. Nakusalimu wewe unayesubiri majibu ya daktari. Nakusalimu ndugu yangu uliyeachishwa kazi na umechoka kuulizwa "vipi, umepata?" Nawasalimu mliofiwa kama sisi, ambao sikukuu hii mtakaa mezani na kila mtu atajifanya hakioni kiti kimoja. Msijifanye; mtajeni kwa jina, simulieni habari zake, mkilia mlie. Hata kilio kina nafasi siku ya Krismasi. Na wewe ambaye mwaka umekuwia mzuri mpaka unaogopa kufurahi, ukidhani ukifurahi sana utanyang'anywa, nakuomba ufurahi. Mungu si mviziaji.

Nami naendelea kujifunza. Ziko asubuhi ambazo namwamini Mungu kwa saa moja tu, kisha natakiwa kuanza upya, na sioni kama Yeye amechoka kunipokea.

Kalenda mpya nimeshaitundika kwenye msumari uleule. Duara la kwanza nimelichora leo, kwa kalamu ileile: Januari, siku ya Mama kupimwa macho. Anataka miwani. Anasema herufi za Zaburi zimeanza kumkimbia, naye bado ana mengi ya kusoma.

Krismasi njema, wapendwa wangu, na heri ya Mwaka Mpya.