Barua ya wazi kwa vijana mnaotaka kuingia kwenye voisi ova

Wanangu,

Nawaandikia nyie ambao watu wamewaambia "wewe una sauti, ungefanya voisi ova", yani kazi ya kusoma matangazo, simulizi na vitabu kwa sauti, mkaamini, na saivi mnahangaika kutafuta maiki ya kununua. Msinunue kwanza. Sauti nzuri inasaidia kidogo tu kwenye hii kazi. Wenye sauti nzito ya kutetemesha ukuta wamejaa tele na wengi wao hawapati oda, wakati wapo watu wa sauti ya kawaida kabisa, nyembamba, hata yenye kukwaruza kidogo, ambao kazi haziwaishii, na tofauti yao ni kwamba hawa wanajua kusoma. Yani anasoma maneno yaliyoandikwa na mtu mwingine na wewe unayesikiliza unasahau kabisa kama kuna karatasi mbele yake.

Kwa hiyo anzeni hapo, haigharimu kitu. Kila siku chukua maandishi yoyote, habari, maelezo ya kutumia dawa, ukurasa wa riwaya, soma kwa sauti, jirekodi na simu, alafu ujisikilize mpaka mwisho hata kama unaichukia sauti yako. Karibu kila mtu anaichukia mwanzoni, maana ukiongea unajisikia pia kupitia mifupa ya kichwa chako, na rekodi inakuletea ile wanayoisikia wenzako. Sikiliza wapi umeimba. Wengi wenu mnaimba, kila sentensi inapandia pale pale na kushukia pale pale, na hapo msikilizaji ameshaondoka.

Dawa yake ni kuuliza maswali kabla ya kufungua mdomo. Nani anaongea hapa, anaongea na nani, na kwa nini anamwambia leo? Ukishajua, shika kalamu, piga mstari chini ya neno linalobeba maana na weka alama pa kuvuta pumzi. Chukua sentensi kama "Mama amesafiri jana". Ukiikazia "mama" umesema sio baba, ukiikazia "amesafiri" umesema hayupo tena usimtafute, ukiikazia "jana" kuna mtu alidhani ni leo. Maneno ni matatu tu na umeshapata habari tatu. Sasa skripti nzima ina maamuzi mangapi ya namna hiyo? Na siku ukiwa kwenye sesheni, dairekta akakwambia "nipe tena, safari hii kama unamwambia rafiki yako aliyefiwa", lazima teki ya pili, yani rekodi ya mara ya pili, iwe tofauti kweli na ya kwanza. Ukirudia ile ile kwa sauti ya chini zaidi hujampa kitu. Wale mliopitia kuigiza jukwaani mtaona faida yake hapa, na ambao hamjapitia, tafuteni kikundi cha maigizo mkae nacho kwa muda.

Baada ya hapo ndo tuongee chumba, na nasema chumba kabla ya maiki makusudi. Maiki ya bei mbaya kwenye chumba kitupu chenye kuta ngumu itarekodi mwangwi kwa usafi mkubwa sana. Kabati lenye nguo zimening'inia, magodoro, mablanketi mazito, hivyo vinameza mwangwi vizuri. Trei za mayai hazisaidii, na lile sponji la kubandika ukutani linapunguza mwangwi wa ndani tu, halizuii pikipiki inayopita nje, hiyo utaikwepa kwa kuchagua saa ya kurekodi. Zima feni, zima friji kama iko karibu, kaa kimya nusu dakika ukirekodi huo ukimya, alafu usikilize kwa hedifoni. ACX, ambako watu wanapelekea vitabu vya sauti viende Audible, duka la vitabu vya sauti la mtandaoni, wanataka kelele za chini zisizidi desibeli -60, vilele visivuke -3, na wastani wa sauti ukae kati ya -23 na -18. Kadri namba inavyoshuka chini ya sifuri ndo ukimya unazidi, na hiyo -60 inapatikana kwa kutuliza chumba. Ukitegemea programu ikufutie kelele, sauti yako itatoka kama mtu anaongea ndani ya ndoo.

Maiki yenyewe, yoyote ya heshima inatosha kuanzia. Kaa nayo kama shubiri moja, igeuzie mdomo pembeni kidogo ili P na B zisiipige, weka na kichujio cha pumzi mbele yake. Audacity ni ya bure na inatosha kuediti. Maji kunywa mapema, sio pale unapobonyeza kurekodi.

Demo, yani rekodi fupi ya kuwaonyesha wateja sauti yako, msikimbilie. Kuna watu wanauza kozi ya siku mbili na demo juu yake, mtu anatoka na sauti iliyopambwa na fundi mzuri, akiitwa studio hawezi kuirudia ile kazi, na klaienti huyo harudi tena. Demo iwe dakika moja hivi, kipande chako bora kabisa kije kwanza, ya matangazo ikae mbali na ya simulizi, na kila kilichomo uwe unaweza kukifanya mbele ya mtu asubuhi ya kesho. Ukitumiwa skripti ya majaribio soma sehemu tu, usimpe mtu tangazo zima la kazi ambayo hajakulipa.

Na sasa mkataba, hapa naomba mnisome taratibu. Susan Bennett, Mmarekani, alirekodi sentensi nyingi mwaka 2005, na mwaka 2011 akaja kujua kupitia kwa mwenzake kwamba ndo yeye anayeongea kwenye simu za watu kama Siri, ile sauti ya iPhone inayojibu maswali. Bev Standing wa Kanada alimshtaki TikTok mwaka 2021 akidai sauti aliyoirekodi kwa kazi ya tafsiri imetumika kwenye app bila ruhusa yake, wakaja kumalizana. Waigizaji wa sauti wa magemu walio kwenye SAG-AFTRA, chama cha waigizaji cha Marekani, waligoma kuanzia Julai 2024, karibu mwaka mzima, na ugomvi mkubwa ulikuwa akili mnemba (AI). Kwa hiyo kabla ya kusaini uliza sauti itatumika wapi, kwa muda gani, kwenye chombo gani, maana tangazo la redio la miezi mitatu na tangazo la milele kila mahali haviwezi kuwa na bei moja. Alafu iandikwe wazi kwamba rekodi hazitatumika kufundishia mashine wala kutengeneza sauti inayofanana na yako, bila ruhusa yako ya maandishi na malipo yake. Klaienti akikataa kuandika hilo, mimi ningeiacha hiyo kazi hata kama pesa ni nzuri. Na kama umeshaletewa mkataba na kuna mahali huelewi, usisaini kwanza, niletee tuusome wote.